Ndoo Yetu Ilipopimwa Ufuoni

(Maneno haya yalisemwa na wajumbe watatu, akina mama wawili na kijana mmoja, wa kikundi kimoja cha kujisaidia kutoka Makueni. Walialikwa kuzungumza mbele ya mkutano wa vikundi baada ya kurudi kutoka Japani, walikokaa majuma matatu na familia za huko. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.)

Kwanza tunatoa shukrani. Mlituchangia nauli ya kufika uwanja wa ndege, na kuna waliotuangalizia mbuzi na watoto tulipokuwa mbali. Tumerudi salama, na mbuzi tumewakuta wote.

Tangu turudi, kila mtu anatuuliza njiani, sokoni, hata kule mtoni tunakoteka maji: "Mmetuletea nini?" Hatukuleta redio wala simu. Tumeleta maganda haya mawili madogo ambayo yanapita sasa mikononi mwenu. Yatazameni, jaribuni kuyafunga moja juu ya jingine, halafu mpatie jirani. Tafadhali msiyavunje. Tutayarudia mwishoni.

Tungeweza kuwaeleza habari za treni na magorofa, lakini hayo mmeyaona kwenye televisheni. Sisi tutawaeleza siku moja tu, siku tuliyokwenda ufuoni na wenyeji wetu kuokota kombe. Siku hiyo tulifurahi sana, na siku hiyo hiyo tuliaibika. Ngojeni, mtasikia.

MAHALI NA WATU

Tulikaa katika mkoa unaoitwa Aichi, katikati ya Japani. Kama hamlijui jina hilo, kazi yake mnaijua, maana mji wa Toyota uko huko, na ndiko kampuni ya magari hayo iliko na makao yake. Upande wa kusini mkoa unagusa bahari, na hapo kuna ghuba iitwayo Mikawa. Maji yake si ya kina kirefu. Mito inayoteremka kutoka milimani, kama mto Yahagi na mto Toyo, inamwaga humo maji yake na mchanga wake. Neno hilo "mchanga" mliweke akilini.

Familia iliyotupokea ilikuwa ya watu watano. Baba anafanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari, mama anauza dukani, watoto ni wawili, na yuko bibi, mama mzaa baba, ambaye anakaribia miaka themanini. Marehemu mume wake alikuwa mvuvi. Tulimwita Obaachan kama wajukuu wake walivyomwita, maana kwa lugha yao huyo ndiye bibi. Kiingereza hajui hata neno, na sisi Kijapani hatukujua. Mjukuu wake wa kike alikuwa na Kiingereza cha shule, akatutafsiria. Mahali ambapo tafsiri ilishindwa, Obaachan alitushika mkono na kutuonyesha.

Na kombe ni nini? Wenzetu wa Kwale na Kilifi wanamjua vizuri, lakini sisi watu wa bara tueleze. Kombe ni kiumbe laini, hana kichwa wala macho, anaishi katikati ya maganda mawili yaliyoungana nyuma kama kitabu. Wale wa Mikawa wanaitwa asari. Aliyekomaa anatosha kiganjani kama kifungo kikubwa cha koti. Maganda yake yana michoro, na huwezi kupata wawili wenye mchoro mmoja. Anajifukia mchangani, si chini sana, kama urefu wa kidole hivi, anatoa mirija miwili midogo, anavuta maji, anachuja chakula chake na kuyatema maji yakiwa safi. Kwa hiyo mahali penye kombe wengi, bahari inaoshwa mchana na usiku bila mtu kulipwa.

BAHARI INA RATIBA YAKE

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba huwezi kwenda kuokota kombe siku unayotaka wewe. Ukutani mwa jikoni palikuwa na kalenda yenye picha za mwezi na saa za maji. Wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani yetu huita bamvua. Siku hizo ndizo bahari hurudi mbali na kuacha uwanja mkubwa wa mchanga wazi.

Tena huko kwao kuna jambo jingine. Katika majira ya baridi, kupwa kule kukubwa huangukia usiku. Majira yakianza kupata joto, huangukia mchana. Ndiyo sababu msimu wao ni kuanzia mwezi wa Machi mpaka Juni hivi. Sisi tulikwenda Aprili.

Obaachan alituamsha mapema. Alisema mtu asingojee maji yapwe kabisa ndipo aanze. Unafika saa mbili kabla, unayafuata maji yanavyorudi nyuma, na yakianza kurejea wewe unageuka. "Bahari haingojei mtu amalize kujaza ndoo," akasema. Tulivaa kofia, glavu na viatu vya mpira, tukabeba ndoo, mifuko ya wavu, na reki ndogo za mkono zenye meno ya chuma. Reki hiyo wanaiita kumade, maana yake ni mkono wa dubu. Kweli inafanana na makucha.

UFUO UNA WENYEWE

Tulidhani tutaingia tu, maana bahari ni ya Mungu. Kumbe kuna lango, meza na watu wa kupokea pesa. Baba mwenyeji alilipa, kila mtu mzima yeni elfu moja na kitu, akapewa mfuko wa wavu kwa kila mmoja wetu. Kitakachoingia katika mfuko ndicho chako.

Tukauliza, pesa hizo zinakwenda kwa serikali? Tukaambiwa hapana, zinakwenda kwa ushirika wa wavuvi wa pale. Sheria ya uvuvi ya Japani ya mwaka 1949 iliwapa vyama vya ushirika vya wavuvi haki ya kuvua katika maji yaliyo mbele ya vijiji vyao. Wanachama wenyewe hukubaliana lini wafungue na lini wafunge, nani aingie, na kombe wa ukubwa gani aachwe. Wenyewe wanalinda, na kwa pesa za wageni wananunua kombe wachanga wa kupanda.

Penye lango palikuwa na ubao wa masharti. Usitumie chombo kikubwa, reki ya mkono peke yake. Usivuke bendera. Usichukue mdogo. Kipimo cha mdogo hutofautiana mkoa na mkoa, lakini ni kama sentimita 2 hadi 3. Tulisomewa yote, tukaitikia kwa kichwa kama watu wa heshima.

TULIVYOJAZA NDOO

Haya basi. Sisi ni wakulima. Mkulima akipewa reki na uwanja mpana, atafanya nini? Tuliinama kama watu wanaochimba viazi. Ukikwaruza mchanga unasikia "kwaa", hapo kuna ganda. Ukipata mmoja, kando yake kuna mwingine, wanapenda kukaa pamoja. Tulisahau mgongo, tukasahau jua. Mmoja wetu alianza kuimba, na watoto wa Kijapani wakaja kutuangalia.

Tulitaka nini? Tuseme kweli. Tulitaka wenyeji wetu waone kwamba watu wa Kenya ni wachapa kazi. Tukaanza kushindana sisi kwa sisi. Kila kilicholia "kwaa" kikaingia kwenye mfuko.

Obaachan alichuchumaa karibu nasi. Alikwaruza polepole, akaokota mmoja, akamgeuza kidoleni, akamrudisha. Akaokota mwingine, akamweka. Baadaye akalisawazisha shimo kwa kiganja na kusogea. Saa nzima ilipita na mfuko wake haujafika nusu. Tulimwonea huruma, tukasema moyoni, maskini, uzee. Kijana wetu hata alimmiminia konzi mbili kutoka mfuko wake. Obaachan alicheka, akashukuru kwa kuinamisha kichwa, kisha tukamwona akiwachambua.

Maji yalipoanza kurudi tukatoka. Langoni alisimama mzee mmoja wa ushirika na chekecheke la waya. Alipokea mfuko wa kwanza wetu, akaumimina, akatikisa. Ndugu zetu, zaidi ya nusu ilipita chini. Akamimina wa pili. Ikawa hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi. Nyuma yetu palikuwa na mstari wa watu wanangoja, na wote wakanyamaza.

Mzee yule hakutukemea. Aliinamisha kichwa, akasema maneno mafupi, na yule msichana hakuyatafsiri. Hakukuwa na haja. Tulikuwa tumesomewa ubao asubuhi ile ile. Hatukukosa kwa kutojua.

Tulitamani mchanga utumeze. Obaachan yeye aliwazoa wale wadogo ndani ya ndoo, akaanza kutembea kurudi kwenye maji kwa zile hatua zake fupi. Tukamfuata. Alipofika mahali maji yalipogusa vifundo, akapiga magoti, akaanza kuwatawanya, konzi hapa, konzi pale, wasirundikane. Nasi tukapiga magoti. Tulifikiri atatufundisha jambo kubwa la hekima. Alisema tu, "Upesi, kabla jua halijawapiga." Tukafanya upesi.

JIKONI

Mkifika pwani yoyote na mkapewa kombe, haya yafuatayo yatawasaidia.

Kombe hapikwi papo hapo, maana tumboni ana mchanga. Obaachan aliyeyusha chumvi katika maji, kama vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, yakawa na chumvi kama ya bahari. Aliwapanga kombe katika chujio lililokaa ndani ya karai, ili mchanga wanaoutema uanguke chini wasiuvute tena. Maji hayakuwafunika sana. Juu yake akatandaza gazeti, maana gizani hutulia na kujifungua. Usiku tulisikia wakirusha maji, "cwii, cwii". Asubuhi chini ya karai palikuwa na mchanga wa kujaza kikombe.

Kisha aliwaosha kwa kuwasuguanisha maganda, akawatia katika maji yaliyokuwa yakichemka na kuongeza uji mzito wa soya iliyochachushwa, ambao huitwa miso. Kombe akiiva hufunguka mwenyewe. Ambaye hakufunguka hatupiwi paka wala mtoto, hutupwa kabisa. Mmoja wetu alitazama bakuli lake muda mrefu akifikiri ni konokono. Alipofumba macho na kumeza, akaomba aongezwe.

Kabla ya kula, wote huunganisha viganja na kusema neno moja, itadakimasu. Msichana alitueleza kwamba maana yake ni kama "napokea kwa unyenyekevu". Siku ile neno hilo lilitukaa kooni.

Onyo moja pia. Kuna nyakati kombe hula vijimea vidogo vya majini vyenye sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Huko kwao wataalamu hupima, na wakipata sumu hutangaza, na uokotaji husimamishwa. Msile kombe wa mahali msipopajua, hata kama wanaonekana wazima.

HESABU INAYOPUNGUA

Baada ya chakula tulimuuliza Obaachan kwa nini wana masharti mengi hivyo. Alinyamaza kidogo. Alisema alipokuwa msichana, mtu alishuka na ndoo wakati mchuzi unachemka, akarudi nayo imejaa kabla mchuzi haujakauka.

Baba mwenyeji akatuandikia hesabu kwenye karatasi. Mwaka 1983 Japani nzima ilivua karibu tani 160,000 za kombe wa aina ile. Tangu mwaka 2016 hazifiki tani 10,000 kwa mwaka. Na mkoa wa Aichi ndio ulioongoza nchi kwa miaka mingi, kwa hiyo wao wameumia sana. Fuo nyingine za ghuba ile, ambazo zamani zilijaa watu kila masika, siku hizi hazifunguliwi kwa kukosa kombe. Nyingine hununua kombe kutoka mahali pengine na kuwamwaga mchangani ili wageni wapate cha kuokota. Obaachan aliposikia hilo linatajwa alitikisa kichwa. Kitu kikiadimika, hata udanganyifu huingia. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ilifichuliwa kwamba kombe wengi waliouzwa madukani kwa jina la mkoa mwingine, Kumamoto, walikuwa wametoka nje ya nchi. Mkoa huo ulilazimika kusimamisha kwa muda uuzaji wa kombe wake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipofungua masikio. Tulidhani wataambiwa wa kulaumiwa ni wageni kama sisi, wanaojaza ndoo. Kumbe mambo ni mengi. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji mafupi ilijazwa udongo ili kujenga bandari na viwanda. Katika mto Yahagi lilijengwa bwawa kubwa, na tangu hapo mchanga mwingi uliokuwa ukiteremka mpaka baharini hukwama nyuma ya ukuta. Wakati wa joto, maji ya chini yaliyokosa hewa hupanda juu na kuwaua kombe kwa wingi; wao huyaita maji machungu. Wako samaki wanaowala. Halafu lile la kutushangaza: maji ya ghuba, baada ya kusafishwa kwa miaka mingi, sasa yanapungukiwa na mbolea inayolisha chakula cha kombe. Mkoa umejaribu kuruhusu mitambo ya maji taka iache mbolea kidogo zaidi wakati wa baridi, kama mtu anayetia samadi shambani.

Na hawakukaa kitako. Kati ya mwaka 1998 na 2004 walichukua mchanga uliochimbwa kwenye njia ya meli na kuutandaza, wakatengeneza upya zaidi ya hekta 600 za fuo na maji mafupi. Pia penye mdomo wa mto Toyo kuna uwanja wa mchanga uitwao Rokujo, ambapo kombe wachanga huota kwa wingi. Huko wangekufa kwa maji machungu au kuchukuliwa na mawimbi ya baridi, kwa hiyo huruhusiwa kuzolewa na kugawanywa kwa vyama vya ushirika vya ghuba, kila chama kikapande kwake.

Tukauliza, kwa nini ushirika mmoja usijifungie mbegu zake? Baba mwenyeji alieleza. Kombe akizaliwa hana ganda zito. Huelea majini kwa majuma mawili au matatu, akichukuliwa na mkondo, ndipo anashuka mahali na kujifukia. Yule anayeokotwa kwa jirani huenda mama yake yuko kwako. Mtoto wa kombe hajui mpaka wa kijiji.

"Kwa hiyo masharti yenu hayakusaidia?" tuliuliza. Obaachan alijibu kwamba bila masharti wasingebaki hata hawa wa kutia kwenye bakuli letu. Lakini akaongeza kwamba walilinda mlango wa mbele, na mchanga ukaibwa mlango wa nyuma, kule juu mtoni, ambako hawakuwa wakienda kuangalia.

MCHANGA WETU

Hapo sote watatu tulitazamana. Wenzetu wa Ukambani mnaelewa kwa nini.

Kikundi chetu kilijenga bwawa la mchanga kwa mwethya. Akina mama walibeba mawe kwa migongo, wanaume wakachimba msingi mpaka mwamba. Mvua ilipokuja, mto ukajaza mchanga nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga yakakaa maji ambayo jua haliwezi kuyanywa. Katika mwaka wa tatu ulikuwa ukifukua kwa mkono mpaka kiwiko, maji haya hapa. Watoto walienda shule wameoga.

Halafu yakaja malori. Nyumba zinajengwa mijini, na mchanga wa mtoni unatafutwa. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na sisi wenyewe katika kikundi tuliandika kwamba mwanachama haruhusiwi kuuza mchanga wa bwawa. Tuliisoma katika kila mkutano. Vijana wawili waliokamatwa na mikokoteni ya punda tuliwatoza faini.

Sasa hili tunalosema ni la kutuumiza, lakini tumekubaliana tutalisema. Mwaka ule kabla ya safari, mfuko wa kikundi ulikuwa mtupu na kulikuwa na deni la saruji. Mwenye lori alikuja kwa kamati usiku. Na kamati ni nani? Mweka hazina yuko hapa mbele yenu. Katibu yuko hapa. Mwakilishi wa vijana yuko hapa. Tulikubali lori saba. Tulijiambia kwamba mvua italeta mwingine, tena tunauza kwa faida ya kikundi. Deni tulilipa. Wanachama tuliwaambia pesa zilitoka kwa msamaria. Mvua iliyofuata ilikuwa haba. Leo anayeteka maji pale anashuka shimoni mpaka mabega hayaonekani, na mama mmoja alifukiwa na mchanga nusu ya mwili akavutwa na wenzake.

Ndiyo maana ufuoni tulinyamaza. Mzee wa chekecheke hakujua lolote juu ya mto wetu. Lakini alipotikisa lile chekecheke sisi tuliyaona malori.

Tuliporudi, jambo la kwanza tuliitisha mkutano wa kikundi, tukasema kama tulivyosema hapa. Haikuwa rahisi. Kuna waliotutukana, na walikuwa na haki. Wanachama wanne waliondoka na hisa zao, na wawili kati yao hawajarudi. Tuliomba kuondolewa katika kamati. Mweka hazina na katibu waliondolewa. Mwakilishi wa vijana aliachwa kwa sharti la kulipa faini. Sote watatu tunalipa faini ile ile waliyolipa wale vijana wa mikokoteni, mara saba, kidogo kidogo.

Mambo manne tumeyaanza. Kwanza, kitabu cha pesa kinalala kwa mwanachama asiye wa kamati, na yeyote anaweza kukiomba siku yoyote. Pili, kila mwezi mpya tunashuka na fimbo yenye alama, tunapima maji yako chini kiasi gani mchangani, na mtoto wa shule anaandika mbele ya watu wote. Tatu, kipimo ni kimoja kwa wote. Mwenyekiti akichukua hata karai moja la mchanga, anapimwa kama mwingine. Nne, tumekwenda kwa kikundi cha juu ya mto, maana mchanga wetu unatoka kwao. Mara ya kwanza walitufukuza. Walituuliza, "Nyinyi mliouza lori saba mtatufundisha nini?" Mara ya pili walitupa chai. Lakini malori bado yanapita kwao, na hatuwezi kuwadanganya kwamba tumemaliza kazi. Mwezi uliopita fimbo ilionyesha maji yamepanda kwa upana wa vidole vinne. Ni kidogo. Ila tumepima wenyewe, wote wakiona.

YALE MAGANDA

Je, maganda yamezunguka? Nani ameweza kuyafunga? Hakuna. Mama pale nyuma amejaribu mara tatu, tulikuwa tunamwona.

Hayawezi kufunga kwa sababu si ya kombe mmoja. Ukubwa ni sawa, hata michoro inakaribiana, lakini meno ya nyuma hayaingiani. Huko Japani tarehe 3 Machi ni sikukuu ya watoto wa kike, na katika nyumba nyingi hupikwa supu ya kombe wakubwa waitwao hamaguri. Sababu ni hiyo. Ganda moja hushikana na mwenzake wa kuzaliwa tu, hata ukitafuta katika gunia zima, nao huwaombea binti zao ndoa ya namna hiyo. Obaachan alitupa maganda haya mawili yasiyofanana siku ya kuagana, na wenzao wawili akatupa katika karatasi nyingine. Hawa hapa mfukoni. Tazameni sasa: hili na hili. Yamefunga, hata maji hayapiti.

Sisi tumeyachukua hivi. Ganda moja ni sheria tunayowasomea wanachama. La pili ni ndoo ya kamati. Kwetu yalikuwa yanafanana kwa mbali, watu wakadhani ni ya kombe mmoja. Mkirudi nyumbani, jaribuni ya kwenu. Jaribuni kabla mzee wa chekecheke hajawasubiri langoni.

Anayetaka kuuliza aulize, hata maswali makali. Tumeshazoea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni kitu gani ambacho kikundi chetu kinakitumia pamoja, na ambacho kinapungua? Tunajuaje kwamba kinapungua? Ni nani anayekipima?

2. Je, masharti yetu yanawafunga viongozi kama yanavyowafunga wanachama? Toeni mfano wa siku yalipofuatwa, na wa siku yalipovunjwa.

3. Tunategemea jirani gani wa juu ya mto, wa msituni au wa malishoni? Mara ya mwisho tulizungumza naye lini?

4. Kiongozi akikiri kosa, kikundi kifanye nini ili apatikane mwingine atakayethubutu kukiri?